Kocha wa ustawi wa wasanii: Kazi, mafunzo na mipaka yake

Kocha wa ustawi wa wasanii huwasaidia wanamuziki, waigizaji, waandishi na wabunifu wengine kuendesha kazi zao bila kuhatarisha afya zao. Hamfundishi mwimbaji kuimba wala mwandishi kuandika. Kazi yake ni kumsaidia mteja kutambua kinachomlemea, kuamua anachotaka kubadilisha na kuufuata uamuzi huo.

Kwa nini anahitajika?

Kazi ya sanaa aghalabu haina mshahara wa kila mwezi, saa maalumu wala likizo yenye malipo, na msanii hukosolewa hadharani. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Westminster, kwa ufadhili wa shirika la hisani la Help Musicians la Uingereza, walikusanya majibu ya watu 2,211 wa tasnia ya muziki. Asilimia 71.1 walisema wamewahi kupatwa na wasiwasi mkali au hofu ya ghafla, na asilimia 68.5 walisema wamewahi kukumbwa na sonona. Kwa kuwa walijibu kwa hiari, takwimu hizo hazipimi hali ya wanamuziki wote. Hata hivyo, mwaka uliofuata shirika hilo lilianzisha Music Minds Matter, huduma ya simu ya saa 24 kwa wanamuziki wenye dhiki.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa uchovu mkubwa wa kikazi si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na shinikizo la muda mrefu kazini. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kupungua kwa ufanisi.

Mafunzo

Nchini Uingereza jina la kocha halilindwi na sheria; yeyote anaweza kujiita hivyo. Ndiyo sababu wengi hutafuta ithibati ya hiari. Shirikisho la Kimataifa la Makocha, ICF, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, lina ngazi tatu. Ya kwanza huhitaji angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi na wateja. Ya pili saa 125 na 500. Ya tatu saa 200 na 2,500.

Mipaka

Kocha si tabibu. Mteja anayetawaliwa na ulevi, aliyekosa usingizi kwa majuma au anayetaja kujiua anapaswa kuelekezwa mara moja kwa mtaalamu wa afya. Kumpa mtu huyo mbinu za kupanga ratiba ni kumchelewesha kupata tiba. Uingereza ina BAPAM, shirika lililoanzishwa mwaka 1984 kwa ajili ya afya ya wasanii wa jukwaani. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2014 iliweka utaratibu wa kuwasajili washauri nasaha na wanasaikolojia, hivyo kocha huko ana wataalamu wanaotambuliwa kisheria wa kuwapelekea mteja.

Msanii anayetafuta kocha anashauriwa kumuuliza mambo matatu kabla ya kulipa: amesomea wapi, nani husimamia kazi yake, na atampeleka mteja kwa nani tatizo likizidi uwezo wake. Asiye na jibu la swali la tatu hajawa tayari kwa kazi hii.