Ndizi Pembeni ya Tambi

Umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri, Mama alikuwa amechoka, na mgeni alikuwa ameshaketi mkekani. Nikasema leo napika mimi. Nilichagua tambi ndefu, zile za spageti, kwa sababu hazihitaji ufundi: sufuria moja ya maji ya chumvi, nyingine ya vitunguu, saumu, nyanya na nyama ya kusaga, na jiko la mkaa lililokolea. Nusu saa tu, watu wanakula. Nikapakua, nikapitisha maji ya kunawa, nikamwekea mgeni sahani yake. Aliitazama, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa upole, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mpishi:

"Mjukuu wangu, ndizi i wapi?"

Nilidhani anataka tunda la kumalizia. Nikamwambia nitamletea akishakula. Akatikisa kichwa. Ndizi ilikuwa ya kulia hiyo *baasto*, na bila ndizi yeye haoni pa kuanzia. Mama akacheka, akamtuma mtoto dukani. Zilipokuja ndizi tatu, Bibi alimenya moja, akamega kipande, akakikunja ndani ya tambi kwa vidole vya mkono wa kulia, akala. Nilijaribu na mimi. Nakiri kwamba utamu wa ndizi ndani ya mchuzi wenye pilipili manga ulinishangaza, na tangu siku hiyo sijapika vinginevyo.

Bibi huyu ni mama mkwe wa mjomba wangu. Alizaliwa Somalia, kando ya mto Juba, na amezeekea Chogo, wilayani Handeni. Anazungumza Kizigua. Maji kwake ni *mazi*, kama yalivyo kwa mama yangu, ila yako maneno anayoyatamka kwa namna ambayo Mama anasema aliisikia mara ya mwisho kwa nyanya yake.

Kwetu Tanga tambi zina heshima yake, lakini ni heshima ya sukari. Tambi nyembamba hukaangwa kwa samli mpaka zigeuke rangi, zikapikwa kwa tui la nazi, hiliki na zabibu, zikaliwa wakati wa futari au asubuhi ya Idi. Jina ni lile lile la tambi za taa, na ukizitazama utaona kwa nini. Spageti yenye mchuzi wa nyama mimi niliijua bwenini, kwa rafiki aliyekuwa na jiko la umeme la kificho. Kwa Bibi mambo ni kinyume. Baasto ni chakula cha mchana cha kawaida, na mchuzi wake unaitwa *suugo*. Maneno yote mawili ni ya Kiitalia, *pasta* na *sugo*, yaliyovishwa kanzu ya Kisomali. Hata rais mmoja wa Somalia, Mohamed Abdullahi Mohamed, anajulikana zaidi kwa jina la utani la Farmaajo, ambalo ni jibini kwa Kiitalia.

Watu hupenda kusimulia kwamba Marco Polo ndiye aliyezileta tambi Italia kutoka China. Si kweli. Marco Polo alirudi kwao mwaka 1295. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi alikuwa ameshamaliza kitabu chake kwa ajili ya Mfalme Roger wa Sicily, na humo anautaja mji wa Trabia, ambako watu walitengeneza *itriya*, tambi kavu za unga wa ngano, na kuzipakia melini kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Ninachokipenda ni kwamba kitabu hicho hicho kinaitaja Malindi na chuma chake. Tambi na pwani yetu zilikaa katika jalada moja miaka mia saba na zaidi kabla hazijakutana sahanini.

Zilikutana kwa njia isiyo ya kupendeza, na Zanzibar ilikuwamo. Bandari za Benadir, yaani Barawa, Merka, Mogadishu na Warsheikh, zilihesabiwa kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1892 zilikodishwa kwa Waitalia. Mwaka 1905 wakazinunua moja kwa moja kwa pauni 144,000. Ukingo wa magharibi wa mto Juba ulibaki chini ya Waingereza wa Kenya hadi 1925, ulipokabidhiwa Italia nao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walowezi walifungua mashamba makubwa ya umwagiliaji. Mwanamfalme mmoja, Luigi Amedeo, alianzisha mwaka 1920 kijiji cha kilimo kando ya mto Shebelle kilichopewa jina lake, ambacho leo ni mji wa Jowhar. Wengine walijenga mashamba Janale, na baadaye kwenye bonde la Juba. Walilima pamba na miwa, lakini zao lililoshika chati lilikuwa ndizi. Mwaka 1935 serikali ya Mussolini iliunda shirika la ukiritimba wa ndizi, RAMB, lenye meli zake lenyewe za kuzibeba hadi Italia. Vita vilipoanza meli hizo zilifungwa mizinga. Ramb I, meli ya ndizi, ilizamishwa Februari 1941 karibu na visiwa vya Maldives na manowari ya New Zealand.

Ndizi ilijulikana pwani hii karne nyingi kabla ya Mwitalia. Lakini ndizi ya mashamba yale, iliyojaza masoko ya kusini mwa Somalia mpaka ikawa haikosekani sahanini, ilikuwa na watu nyuma yake. Wafugaji wa Kisomali hawakuwa tayari kuinamia jembe la mlowezi, naye akawatafuta wakulima. Akawapata Gosha, msituni kando ya Juba. Miongoni mwao walikuwamo Wazigua.

Walifikaje huko? Miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga nchi ya Wazigua. Mapokeo yao yanasema watu walikubaliana na wenye majahazi waende kufanya kazi ng'ambo wapate chakula, kisha warudi. Waliposhuka Barawa na Merka walikuta wameshauzwa. Baada ya miaka ya utumwa kundi moja lilitoroka, likiongozwa na mwanamke mwenye kipawa cha kuona mambo, Wanankhucha, ambaye jina lake bado linatajwa kwa adabu. Walikuwa wakielekea kusini, nyumbani. Wakaishia Juba, wakafyeka msitu, wakalima mahindi na ufuta, wakabaki na lugha yao.

Ni wajukuu wa watoro hao waliokusanywa miaka ya 1930 na kupelekwa kwenye mashamba ya ndizi. Waitalia walikuwa wamepiga marufuku utumwa mwanzoni mwa karne. Hili walilipa jina jingine. Watu wenyewe waliliita *kolonya*. Baba yake Bibi alichukuliwa akiwa kijana asiye na mke. Alichimba mifereji, kisha akawekwa kwenye kukata mikungu. Alimsimulia bintiye kwamba ndizi ya meli ilitakiwa iwe mbichi, imenyooka kiasi, haina hata doa. Yenye doa ilitupwa pembeni, na hiyo ndiyo waliyoruhusiwa kula. Mwaka 1941 Waingereza waliwashinda Waitalia, na alichokumbuka mzee kuhusu ushindi huo ni kwamba asubuhi moja hakuna aliyekuja kuwahesabu. Akachukua jembe la shamba, akatembea hadi kwao.

Waitalia walirudi mwaka 1950, safari hii kwa idhini ya Umoja wa Mataifa, wakakaa hadi uhuru wa 1960, na ndizi zikaendelea kwenda Italia. Katika miaka hiyo Bibi, mke mpya, alikula baasto kwa mara ya kwanza katika mji wa Jamaame, ambao Waitalia waliuita Margherita. Nilimuuliza kama baba yake alikubali kula chakula cha watu wale. Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto. "Alikula. Alipenda yenye mchuzi mwingi."

Nimesoma makala kadhaa zinazosema baasto ni zawadi nzuri iliyoachwa na ukoloni. Neno zawadi linanikera. Zawadi haichimbiwi mifereji na mpokeaji. Lakini siwezi pia kumwekea Bibi uchungu ambao hakuuleta mezani. Kwake hicho ni chakula cha nyumbani, na nyumbani alikokula hakupo tena.

Vita vya 1991 viliwakuta wakulima wa Juba hawana bunduki wala ukoo wa kuwatetea. Kwa miaka yote Wasomali wengine waliwaita *jareer*, wenye nywele ngumu, na majina mabaya zaidi ya hilo. Maelfu walikimbilia kambi za Dadaab, na Marekani ikakubali kuwachukua wapatao 12,000. Bibi na wanawe walipanda jahazi hadi Mombasa, wakashuka mpaka Tanga. Walikuja kwa makusudi. Walikuwa wakimalizia safari ya Wanankhucha.

Sasa naingia kwenye sehemu ambayo nyumbani kwetu haipendwi kusimuliwa. Mjomba alipotaka kumwoa binti yake, babu yangu, Mzigua wa Handeni kwa baba na mama, alikataa. Alisema hawezi kuoza kijana wake kwa Wasomali, watu wasiojulikana asili yao. Kule waliitwa watumwa kwa kuwa hawakuwa Wasomali. Huku wakaitwa Wasomali. Babu hakuhudhuria harusi. Alikwenda Chogo mara moja tu, baada ya mjukuu kuzaliwa, akaketi uani kwa Bibi akimsikiliza akiwakaripia watoto kwa Kizigua. Mama anasema Babu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza neno moja, akalirudia mara mbili, akaomba maji. Hakuomba radhi. Alifariki mwaka uliofuata, na wakati huo serikali ilikuwa imeshaanza kuwapa watu wa Chogo uraia.

Juzi Bibi alikuja tena. Safari hii nilijiandaa. Nilichemsha maji mengi zaidi, maana tambi zikibanwa hugandana, nikazitia yalipotokota vizuri, nikazitoa zikiwa bado na ugumu kidogo katikati. Mchuzi niliutia bizari nyembamba, giligilani, hiliki na mdalasini kama alivyonielekeza. Ndizi nilizinunua sokoni mwenyewe, kichane kizima, safi, njano tupu, nikazipanga kwenye sinia.

Bibi alizigeuza moja moja. Akaichagua moja iliyokuwa na madoa meusi, iliyobanwa chini ya nyingine, akaimenya.

"Hii imeiva," alisema. Akaonja mchuzi. "Chumvi bado."