Kontua ikilainishwa mno, tuta hupotea

Wale tuliosoma jiografia kwa ramani moja iliyogombewa na wanafunzi watano tunaikumbuka ile mistari ya rangi ya kahawia iliyozunguka milima kama alama za kidole gumba. Mwalimu alituambia kuwa hizo ni kontua, kwamba kila mstari unapita mahali penye kimo kilekile kutoka usawa wa bahari, na kwamba mistari ikibanana basi hapo pana mteremko mkali. Tukaamini. Hakuna aliyenyoosha kidole kuuliza: je, aliyeuchora mstari huu aliutembea wote?

Hakuutembea. Kisa cha mlima Schiehallion, huko Scotland, kinaeleza vizuri jambo hilo. Mwaka 1774 mnajimu wa mfalme wa Uingereza, Nevil Maskelyne, alipanda mlima huo ili aone kama ukubwa wake ungeweza kuvuta timazi, timazi ileile wanayotumia waashi, ikapinda kidogo upande wa mlima. Ikapinda kweli. Lakini ili kutokana na mpindo ule apatikane uzito wa dunia nzima, ilibidi kwanza umbo la mlima lijulikane. Wapima wakazunguka na vyombo vyao, wakarudi na mamia ya vipimo vya vimo vilivyotawanyika kwenye karatasi kama mtama uliomwagika sakafuni.

Kazi ya kuvipanga akapewa mwanahisabati Charles Hutton, mtu aliyewahi kuchimba makaa ya mawe katika ujana wake. Hutton aliviangalia vile vipimo, halafu akachukua kalamu ya risasi na kuunganisha kwa mstari mwembamba vile vyenye kimo kimoja. Mara mlima ukaonekana. Katika taarifa yake ya mwaka 1778 alikadiria kuwa dunia ina uzito wa mara 4.5 ya maji ya ujazo uleule. Leo tunajua kuwa ni karibu mara 5.5, lakini kwa mtu mwenye timazi na kalamu ya risasi hilo si kosa la kuchekwa.

Angalia alichofanya. Kati ya kipimo na kipimo hakuwa na habari yoyote. Akapitisha mstari laini kwa sababu aliona milima haina tabia ya kurukaruka. Kontua, tangu mwanzo, ni kipimo kilichochanganyika na uamuzi wa mtu. (Waholanzi nao walikuwa wamekwisha kufanya hivyo chini ya maji, Nicolaas Cruquius alichora mistari ya kina cha mto Merwede mnamo mwaka 1730.)

Baadaye zikaja picha za ndege. Idara ya upimaji ya makoloni iliyoundwa London mwaka 1946 ilichora kwa njia hiyo ramani nyingi za Kenya na Tanganyika, na pengine ile tuliyoigombea darasani ilikuwa mojawapo. Uamuzi ulibaki mkononi mwa mchoraji.

Sasa tufike kwenye laida. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960, na haikupita miaka mingi watu wakaanza kuitumia kupimia umbali. Ndege hurusha mwali chini, mwali hugonga ardhi na kurudi, saa ya ndani ya chombo huhesabu muda uliopita. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo saa ikikosea sehemu moja tu katika bilioni ya sekunde, kimo kimekosewa kwa sentimita 15. Hapo hatujataja ndege inayoyumba, wala mwali uliogonga jani, paa au mgongo wa ng'ombe badala ya udongo.

Uholanzi ndiyo iliyoamua kuipima nchi yake yote kwa chombo hiki, kati ya mwaka 1996 na 2003. Walikuwa na sababu. Karibu robo ya nchi hiyo iko chini ya usawa wa bahari, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari, 1953, bahari ilivunja matuta na kuua watu 1,836. Kwa Mholanzi, kujua kimo cha tuta ni sawa na mtu kujua kama mlango wake umefungwa.

Vipimo vya awamu ile vilikuwa na mtawanyiko wa kama sentimita 15. Mlimani hilo si kitu. Lakini chukua bonde linaloshuka mita moja tu katika kila mita 1,000. Hapo kosa la sentimita 15 huhamisha kontua kwa mita 150! Ndiyo maana kompyuta ikiachiwa ichore yenyewe kutokana na vipimo vibichi, mistari hutoka kama meno ya msumeno, na katikati yake huzagaa viduara vidogo, kila kimoja kikidai kuwa ni kilima.

Basi watu husema, tuilainishe. Sisi wa redio tunaujua mtego huo. Zamani za kanda, ukiwa na mahojiano yenye mchakacho, ulikuwa unapunguza sauti nyembamba mpaka mchakacho uishe. Unafurahi, halafu unasikia kwamba msemaji naye amepoteza herufi zake: anayesema "sisi" anasikika kama mwenye mafua. Mchakacho na "s" vilikuwa vimekaa mahali pamoja.

Wako wanaolainisha mistari yenyewe baada ya kuchorwa. Inapendeza macho, lakini kila mstari ukipindwa peke yake, miwili hufikia kukatana, na hakuna mahali duniani penye vimo viwili kwa wakati mmoja, labda chini ya jabali linaloning'inia. Njia iliyo bora ni kuanza nyuma zaidi: kwanza kuondoa miali iliyogonga miti na mapaa, kazi ambayo Msweden Peter Axelsson aliitolea njia mashuhuri mwaka 2000, kisha kulainisha sura ya ardhi, na kontua kuchorwa mwisho.

Hata hapo kuna hatari. Tuta lenye kilele cha upana wa mita 2, na kingo zinazoshuka mita moja kwa kila mita 3, ukilipitishia wastani wa upana wa mita 10, kilele chake kitashuka karibu nusu mita kwenye kompyuta. Tuta liko palepale, imara, lakini ramani inasema maji yatapita. Mfereji nao hupatwa na kinyume chake: unafukiwa bila koleo. Kwa sababu hiyo wapima makini huchora kwanza mistari ya kilele cha tuta na sakafu ya mfereji, na kuikataza kompyuta isilainishe kuvuka mistari hiyo.

Nasi yanatuhusu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 Dar es Salaam, na mabondeni mwetu nusu mita ndiyo tofauti ya maji ya kifundo cha mguu na maji yanayozima jiko na kubeba godoro. Mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kama Tandale walizunguka kwa miguu wakiweka mitaro kwenye ramani. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu, na picha hizo pia huleta paa na mwembe kama sehemu ya ardhi. Mtaro wa upana wa mita moja, uliojaa taka na kupita nyuma ya choo cha mtu, ni wa kwanza kupotea kwenye wastani wowote. Mwenye nyumba ndiye anayejua unapoanzia, unapozibia, na mwaka gani maji yake yalifika dirishani.