Nafasi Namba 4 na Viwanja vya Ng'ambo

Kiswahili kinatumia neno moja, kodi, kwa malipo mawili ambayo lugha nyingi huyapa majina tofauti: fedha anayopewa mwenye nyumba na fedha inayokwenda serikalini. Rafiki yangu anayesoma uchumi anasema huo ni upungufu wa lugha. Mimi ninayesoma historia naona waliolitumia neno hilo walijua wanachokisema. Wajerumani walipotangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, rupia 3 kwa kibanda cha kijijini, aliyetakiwa kulipa ni mtu aliyekata miti mwenyewe, akasiliba udongo mwenyewe, akaezeka mwenyewe, juu ya ardhi aliyoachiwa na babu yake. Kwake yeye, kuuliza kama hiyo ni kodi ya mpangaji au ya raia hakukuwa na maana kubwa. Alilala kwake, na asubuhi akaambiwa kulala kwake kuna bei.

Nimelifikiria neno hili kwa miezi kadhaa kwa sababu ya eneo lenye ukubwa wa gari moja hapa Babati. Dada yangu, ninayekaa kwake wakati nakusanya data za tasnifu ya uzamili, amepanga vyumba viwili ghorofani katika jengo lisilo mbali na stendi. Chini kuna maduka, nyuma kuna uwanja wa changarawe. Mkataba wake, kurasa mbili zilizochapwa kwenye duka la steshenari, unasema kodi ni shilingi 180,000 kwa mwezi, inalipwa miezi sita kwa mkupuo, kuanzia Januari hadi mwisho wa Juni, pamoja na nafasi moja ya gari, namba 4. Namba yenyewe imeandikwa ukutani kwa rangi nyeupe.

Mwezi Machi mwenye nyumba aliukabidhi uwanja kwa kampuni ndogo inayokusanya ada za maegesho. Waliolengwa ni wateja wa maduka. Siku ya tatu dada akakuta karatasi chini ya waipa: shilingi 1,000 kwa siku, faini 10,000 kwa asiyelipa ndani ya saa 24, na Lipa Namba ya simu. Gari lilikuwa limesimama kwenye namba 4. Kwa mwezi hiyo ni 30,000, sehemu moja ya sita ya kodi yake, kwa kitu ambacho kimeshaandikwa ndani ya kodi hiyohiyo.

Alimfuata kijana wa risiti, akamwonyesha mkataba. Kijana aliusoma wote, kwa heshima, kisha akasema: "Dada, mimi nimekabidhiwa uwanja. Sijakabidhiwa mikataba ya watu."

Sina hasira naye. Nilikuja kujua baadaye kwamba analipwa kwa asilimia ya anachokusanya. Lakini nilipoisikia kauli yake nilijua nimeshaikuta mahali, kwa maneno mengine, katika historia ya Zanzibar.

Ng'ambo ilipata jina lake kwa kuwa upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na eneo la mashariki. Daraja la kuvukia ndilo lililoacha jina la Darajani, ingawa maji yenyewe yalishafukiwa. Baada ya utumwa kufutwa Zanzibar mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa mashambani walihamia huko, karibu na kazi za mjini na mbali na macho ya mabwana wa zamani. Walijenga nyumba za miti na udongo, wakaezeka makuti. Nyumba zilikuwa zao; waliweza kuziuza na kuzirithisha, na kati ya wenye nyumba hao wanawake walikuwa wengi. Ardhi ilikuwa ya mtu mwingine, au ilikuwa wakfu. Katika desturi ya pwani hilo si jambo la ajabu. Mombasa mpaka leo wapo watu wanaomiliki nyumba bila kumiliki ardhi ambayo nyumba hizo zimesimama juu yake.

Mwanzoni wengi hawakulipa chochote, au walilipa kitu kidogo sana. Mwenye ardhi alikuwa na faida nyingine: watu. Aliyejenga kwenye kiwanja chako alikuamkia, alifika kwenye harusi na maziko yako, alihesabika kuwa wa upande wako. Mji ulipokua na ardhi ikawa bidhaa ya kununuliwa na kuuzwa, viwanja vikaingia mikononi mwa watu ambao hawakuwa na haja ya kuamkiwa na mtu. Wao walinunua ardhi. Hawakununua ahadi za aliyewauzia. Kodi ya kiwanja ikaanza kudaiwa kwa ukali, kisha ikapanda, hasa katika miaka ya 1920. Mwanahistoria Laura Fair, aliyezungumza na wazee wengi wa Ng'ambo kwa ajili ya kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameeleza vizuri jinsi watu walivyouona mgeuko huo. Nyumba ni ileile, mtaa ni uleule, hakuna aliyeleta bomba wala taa. Kilichoongezeka ni mdai.

Mwaka 1928 Ng'ambo iligoma. (Mwaka huohuo Siti binti Saadi, aliyeishi Ng'ambo, alisafiri kwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa mara ya kwanza. Wengi wetu tunaujua mwaka 1928 kwa sababu hiyo, na mgomo tumeusahau.) Wenye viwanja walikwenda mahakamani, na kisheria walikuwa na uwezo, kwa sababu hati zilikuwa upande wao na dola ya kikoloni ilisoma hati. Wagomaji hawakuwa na karatasi. Walichokuwa nacho ni kwamba walikuwa wengi na walikataa kwa pamoja, mtaa kwa mtaa, kiasi kwamba kumfukuza mmoja kungemaanisha kuwafukuza wote. Serikali, ambayo haikuwa na mapenzi yoyote na migomo, ililazimika kuingilia na kuweka kikomo cha kodi ya viwanja.

Nimeukaa sana mwaka huo kwa sababu si Zanzibar peke yake. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, sheria ya busuulu na envujjo ilianza kutumika Buganda mwaka huohuo wa 1928. Mkataba wa 1900 ulikuwa umegawa ardhi ya mailo kwa machifu na wakubwa, na wakulima waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo wakaamka wakiwa wapangaji. Busuulu ilikuwa kodi ya kukaa, envujjo ilikuwa sehemu ya mazao. Pamba ilipoanza kuleta fedha, wakubwa wakaongeza madai, na sheria ya 1928 ikaja kuyawekea mpaka na kumlinda mkulima asifukuzwe ovyo. Kwetu Bukoba, watu waliolipa kodi ya nyarubanja kwa migomba waliyoipanda wenyewe walisubiri mpaka sheria ya 1965.

Ukiziweka pembeni kwa pembeni, mahali hapa na Babati, unaona kinachotangulia. Malipo ya namna hii hayaji kwa sababu kuna huduma mpya. Yanakuja pale ardhi inapopanda thamani kuliko uhusiano uliokuwapo juu yake, na mtu akagundua kwamba kilichokuwa kitu kimoja kinaweza kukatwa vipande na kila kipande kikauzwa peke yake: nyumba mbali, kiwanja mbali, mazao mbali, sehemu ya kuegesha mbali.

Babati ilikuwa mji wa njiapanda, mahali pa kunywa chai kati ya Arusha na Dodoma, na kona ya kwenda Singida. Mwaka 2002 mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha na Babati ikawa makao makuu. Zikaja ofisi, zikaja benki, wakaja watumishi wanaotafuta vyumba vyenye choo cha ndani. Mwaka 2018 barabara ya lami ya kutoka Dodoma ikafunguliwa rasmi, kilomita 251. Uwanja wa changarawe nyuma ya jengo, uliokuwa wa kuanikia nguo na kuku wa watu, ukawa mali. Mwenye nyumba hakuufanya uwe mali. Ulifanywa na lami. Lakini alikuwa wa kwanza kuliona hilo.

Watu wengi niliowaeleza kisa hiki walijibu haraka, "Si mlipe tu, ni TARURA hao." Hapana. Ada ya kuegesha kando ya barabara ya umma ni jambo jingine, lina sheria yake, na bili yake inakuja na namba ya malipo ya serikali, ile inayoanza na 99. Karatasi ya dada haikuwa na namba hiyo. Ilikuwa madai ya mtu binafsi kwa mtu binafsi, yaliyovaa sura ya serikali: muhuri, neno faini, saa 24. Faini ni neno zito, na watu wanalilipa kabla ya kuuliza nani kakupa mamlaka ya kulitumia.

Sheria, ukiisoma, haimwachi mpangaji mtupu. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, iliyofutwa 2005, kwa hiyo mwenye nyumba leo anapanga bei anayotaka. Hawezi hata hivyo kubadilisha katikati ya muda alichokwisha kukipangisha. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamhesabu mwenye nyumba kuwa ameahidi, hata kama mkataba umekaa kimya, kwamba mpangaji atatumia alichokipanga kwa amani bila kusumbuliwa na yeye wala na watu waliotumwa naye. Na mtu hawezi kuikabidhi kampuni haki ambayo yeye mwenyewe ameshaitoa.

Uingereza, ambako madai ya kampuni binafsi za maegesho ni biashara kubwa, hoja hizi zimepita mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis, iliruhusu dai la pauni 85 kwa mtu aliyezidisha muda kwenye maegesho ya bure ya eneo la maduka. Kampuni zilishangilia. Mwaka uliofuata jaji mjini Oxford, akisikiliza rufaa ya mkazi wa jengo la makazi aliyedaiwa kwa kusimamisha gari mlangoni ili ashushe fanicha, alisema habari ya maduka haihusiani, na kwamba kampuni haiwezi kwa upande wake tu kuifuta haki ambayo mkazi aliipata alipoingia mkataba wa nyumba yake. Ni jibu kwa kijana wetu wa risiti, ingawa hakuna atakayempelekea.

Basi tulikuwa na karatasi ambayo Ng'ambo haikuwa nayo. Hatukuwa na Ng'ambo. Jengo lina wapangaji wanane, na wenye magari ni wawili. Dada alipopita milango kuomba waandike barua pamoja, alijibiwa kwa upole kwamba hilo ni la wenye magari. Mama wa vitumbua wa chumba cha chini alisema, "Mwanangu, mimi gari langu ni miguu." Barua ya kwanza ilikwenda na sahihi mbili, na haikujibiwa. Karatasi chini ya waipa ziliendelea. Dada alizikusanya kwenye bahasha na hakulipa hata moja.

Mwezi Mei kampuni ikaongeza wigo. Bodaboda zinazoingia uwanjani, shilingi 500. Guta la maji, 500. Mafundi wanaoshusha vifaa, 1,000. Bodaboda aliyekuwa akimletea mama wa vitumbua unga na mafuta akaongeza nauli siku hiyohiyo. Barua ya pili ilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na sahihi saba. Wa nane ni mpwa wa mwenye nyumba, na hatukumlazimisha.

Kikao kilifanyika kwenye ofisi ya mtaa, asubuhi ya Jumamosi. Baraza la kata, ambalo tangu 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni usuluhishi tu, hatukulifikia, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ni gharama na miezi. Mwenye nyumba alikuja na fimbo yake na koti. Tulimwamkia, akaitikia.

"Mwanangu, uwanja ni wangu," alimwambia dada.

"Ni wako mzee. Namba nne umenipangisha mpaka mwisho wa Juni."

Alinyamaza kidogo, akaomba auone mkataba. Mwenyekiti akausoma kwa sauti. Mzee akasema ni kweli, sahihi ni yake. Walikubaliana kwamba wapangaji hawatadaiwa kwa nafasi zilizoandikwa kwenye mikataba yao, kwamba wanaowaletea vitu ndani ya nusu saa hawatalipa, na kwamba karatasi zote za faini zilizopita zichanwe. Dada alizitoa kwenye bahasha, zilikuwa 41, na kijana wa risiti akasaidia kuzichana.

Juni imefika. Mwenye nyumba ameleta mikataba mipya, na ameileta mwenyewe, mlango kwa mlango. Ina kurasa tatu. Kodi imebaki 180,000, na nafasi ya gari haimo. Dada hajasaini. Amewaomba wenzake wasubiri kwanza wakutane Jumapili, chumbani kwa mama wa vitumbua kwa sababu ndicho kikubwa, kila mtu aje na mkataba wake wa zamani na mpya.