Ukoo wa Fumo Shada

SEHEMU YA TATU

Ilipoishia: Zuhura, binti wa Fedha aliyelelewa na bibi yake tangu mama yake afariki, anajipatia riziki kwa kuwatungia wachezaji wa The Sims historia za koo za kifalme. Amepata mteja asiyejitaja jina. Mteja huyu hataki habari za majumba wala mavazi. Anataka nasaba ya vizazi kumi, jina kwa jina, na tisa ameshatumiwa. Usiku wa kuamkia Jumamosi ameandika swali moja: "Kisima cha ukoo kiko upande gani wa msikiti?" Sasa endelea...

Zuhura aliusoma ujumbe mara ya pili, akasonya. Wateja wengine hawakuwa na makuu. Tangu mchezo wenyewe uanze kutolewa bure mnamo Oktoba 2022, walizidi kumiminika, na wengi walitaka yale yale: mfalme katili, mapacha waliopoteana, kiti kinachogombaniwa hadi kizazi cha kumi. Anapanga mti wa ukoo, anajaza maelezo ya familia, anatuma. Pesa zikiingia kwenye simu, ananunua tokeni za stima. Habari ya kisima hajawahi kuulizwa.

"Bibi," aliita, "waungwana kisima chao huwa wapi?"

Bibi alikuwa kwenye kochi kando ya dirisha, ungo mapajani, anachambua mchele kwa vidole kwa sababu macho hayamsaidii tena. Dole gumba lake lilikuwa na doa la wino wa buluu. Jana alipelekwa kliniki ya macho na jamaa mmoja wa Siyu, na aliporudi alisema walimtia kidole kwenye wino kwa sababu hawezi kuiona karatasi. Ndege ikapita juu ikitafuta kutua JKIA, vioo vikatetemeka. Bibi akangoja. Miaka yote aliyoishi Fedha hajawahi kushindana na ndege kwa sauti.

"Kibla ya msikiti," akasema. "Hatua arubaini. Ukiipita mibuyu miwili, umetoka shambani."

"Bibi, huu ni mchezo. Hauna kibla."

"Wewe andika."

Zuhura akaandika. Alishajua kwamba kubishana na Bibi juu ya nasaba ni kujichosha. Ukoo wa kwanza aliotunga peke yake ulikuwa na ngome za theluji na majemadari wa farasi, na Bibi alicheka hadi akakohoa. Kisha akamketisha, akamfundisha namna watu wa pwani wanavyojenga ufalme kwa maneno.

Kwanza jahazi. Mwanzilishi hazaliwi pale pale, hufika. Kilwa alifika Ali bin al-Hassan, mwana wa Shirazi, akakinunua kisiwa kwa kitambaa cha kutosha kukizunguka chote. Habari za wafalme hao zilikuwa zimeshachapishwa Ureno mwaka 1552, katika kitabu cha João de Barros, lakini Bibi hakuzipata kwa Mreno. Alizipata jikoni kwa nyanya yake.

Pili harusi. Pate walifika Wanabahani kutoka Oman. Suleiman akamwoa binti ya mfalme, na fungate ilipokwisha akaenda kumwamkia mkwewe. Mzee akamkabidhi ufalme.

Tatu siwa. Lamu walikuwa na yao ya shaba, Pate ya pembe za ndovu. Isipolia siwa, hata ungekuwa na mali ya kujaza majahazi, watu hawakuhesabu kwamba umeoza mwana wa kiungwana.

"Na ukitaka kujua uongo uliingilia wapi," Bibi alimalizia, "angalia mahali walipomsahau mama. Baba atapewa jina, babu atapewa jina. Yule mwanamke aliyekuwa na nti yake kabla jahazi halijafika, husikii hata aliitwa nani."

Zuhura alikuwa amekutana na jambo hilo kwingine pia. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya kale ya pwani, ikiwemo Manda, Faza, Mtwapa na Kilwa. Wengi wa hao wa pwani walikuwa na asili ya Uajemi upande wa baba, na upande wa mama karibu wote walikuwa Waafrika. Alimsomea Bibi habari hiyo yote.

"Wamefukua makaburi," Bibi alisema, "kwa jambo ambalo wangeniuliza mimi?"

Ndivyo ukoo wa Fumo Shada wa kisiwa cha Shadani ulivyozaliwa. Fumo Shada na kisiwa chake ni ubunifu wa Zuhura. Majina yaliyofuata, kizazi baada ya kizazi, yalitoka kinywani mwa Bibi. Aliyataja bila kusita, kila mwana na mama yake, na Zuhura alifurahi kupata msaidizi mwenye kipaji.

Jina moja tu alilichomeka mwenyewe kati ya vizazi vilivyomfuata Fumo Shada: Mwana Shada wa kizazi cha nne, aliyekufa kwa kucheka arusini. Katika The Sims mtu hufa hivyo kweli. Furaha ikizidi kiasi, kicheko humuua. Zuhura aliweka alama hiyo kwa makusudi, ili mtu akimwibia kazi yake aitambue.

"Bibi, na ukoo ukipoteza kitabu chake?" alikuwa amemuuliza wiki ile.

"Cha Pate kilipotea Witu, mwaka 1890, Waingereza walipouvamia mji. Bwana Kitini akakaa, akawasimulia waliotaka kuandika." Bibi alipepeta ungo. "Kitabu kikiungua, anayekumbuka ndiye kitabu. Hata mahakamani."

Zuhura hakujiuliza mahakama imeingiaje.

Simu ikalia. Alikuwa soja wa geti.

"Zuu, kuna mzee hapa na bahasha. Anasema hatoki mpaka akuone."

Akashuka ngazi kwa ndapa. Mgeni alivaa koti licha ya jua, viatu vimejaa vumbi la Outer Ring. Hakusalimia. Alimpa kalamu atie sahihi ya kupokea, akamkabidhi bahasha ya kaki iliyopigwa muhuri wa wakili.

"Kesi ya shamba, Lamu," akasema. "Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Unaitwa kama shahidi."

"Mimi? Sina shamba Lamu. Hata Lamu yenyewe sijafika."

"Tangu gati ya kwanza ya bandari mpya ifunguliwe Mei 2021, dada, kila mtu ana shamba Lamu." Akageuka, akashika njia ya Tassia.

Zuhura aliifungua pale pale ngazini. Hati ya kiapo. Mwenye kuapa anasema kwamba shamba lenye kisima, kibla ya msikiti, hadi mibuyu miwili, ni mali ya ukoo wake, na nasaba ya ukoo huo ni hii ifuatayo. Macho yakateremka kwenye majina. Fumo Shada alikuwa ameondolewa, badala yake pameandikwa jina la mtu wa Siyu. Waliobaki walikuwa wale wale, kwa mpangilio ule ule. Kizazi cha nne: "aliyefariki kwa kicheko siku ya arusi."

Akakimbilia juu. Mlangoni akageuza ukurasa, akaona palipotakiwa sahihi. Hapakuwa na sahihi. Palikuwa na alama ya dole gumba, buluu.

"Bibi."

Bibi hakuacha kuchambua. "Imefika?"

"Uliniambia ni kliniki! Haya ni mambo ya kubuni, Bibi. Nimeyabuni mimi!"

"Umebuni yule mcheshi tu. Niliwaambia wamwache, mtu mmoja wa kuchekesha haharibu ukoo." Akaweka ungo chini. "Ndoo uketi, mwanangu. Wewe uliandika vizazi vingapi?"

"Tisa. Cha kumi sijakianza."

"Hapo kwenye karatasi viko vingapi?"

Zuhura akahesabu kwa kidole. Akarudia. Vilikuwa kumi.

"Soma cha kumi," Bibi akasema. "Uangalie kama aliyeandikwa hapo wamemwita marehemu."

Zuhura akafunua ukurasa wa mwisho. Jina lilikuwa la mama yake, na hapakuwa na neno marehemu. Chini yake, kwa mwandiko uliolalia kushoto kama wa Zuhura mwenyewe, palikuwa na sahihi ya mdai, na tarehe ya jana.

Simu yake ikaita mkononi. Ujumbe kutoka kwa mteja: "Umeshafungua bahasha? Niko getini."

ITAENDELEA WIKI IJAYO