Namba za fundi, sisi tukazigeuza sinema

Kuna ugonjwa nilikuwa nao 2022, na najua si mimi peke yangu. Naposti makala, halafu badala ya kulala nafungua ule ukurasa wa Google Analytics unaoonyesha watu walio kwenye tovuti yako sasa hivi. Watatu. Naangalia tena, wanne. Tena, wawili. Saa saba usiku, bando zinaisha, na makala inayofuata sijaandika hata mstari.

Nikaanza kufuatilia haya mambo yalitoka wapi, na kumbe mwanzoni hakuna aliyekuwa anatazama hivyo. Miaka ya tisini, kila kompyuta ilipoomba faili, seva iliandika mstari mmoja: anwani ya hiyo kompyuta, saa, na faili iliyoombwa. Basi. Yalikuwa maandishi ya fundi, ajue mtambo umekwama wapi. Wenye biashara walipoyaona wakapata wazo, wakaanza kujigamba na "hiti". Lakini hiti ni faili, si mtu! Ukurasa wenye picha kumi ulitoa hiti kumi na moja hata kama ni mtu mmoja ameufungua mara moja. Ukitaka umaarufu, ongeza picha. Na zile kaunta za chini ya ukurasa, zilizofanana na mita ya kilomita za gari, nyingi ungeweza kuzianzisha kwa namba yoyote unayotaka. Ati leo ndio tunashangaa watu kununua wafuasi.

Programu iliyotufikisha hapa inaitwa Urchin, ya San Diego, iliyokuwa inasoma maandishi hayo ya seva na kuyageuza ripoti. Google ikainunua kampuni hiyo 2005, na Novemba mwaka huohuo ikaleta Google Analytics, bure. Watu wakajisajili kwa fujo hadi Google ikafunga mlango kwa muda. Lakini namba zilikuwa bado zinachelewa kwa saa kadhaa, na mimi naona kuchelewa huko kulikuwa dawa, manake hungeweza kukesha ukiangalia kitu ambacho hakisongi. Ripoti za papo hapo zilikuja 2011. Kwa chumba cha habari zina maana: stori inawaka, unaona kichwa kipi kinavuta watu, unarekebisha. Mimi nilikuwa naandika makala mbili kwa mwezi. Nilikuwa narekebisha nini?

(YouTube nao 2012 walianza kupima muda ambao watu wanatazama badala ya kuhesabu tu waliobofya. Hata wao waliona kubofya kunadanganya.)

Sasa hasara yangu. Niliandika namna ya kujaza fomu ya mkopo wa HELB, nikaahidi sehemu ya pili: ufanye nini ukipewa pesa kidogo kuliko mahitaji yako. Usiku huo skrini ikasema watu watatu. Nikaamua haina wasomaji, nikahamia stori za mastaa. Miezi minne baadaye ndio nikafungua ripoti ya kipindi kizima. Ile makala ya HELB ilikuwa imezipita zote, watu wakiingia kidogo kidogo kila siku kupitia utafutaji. Wiki hiyohiyo msichana mmoja akaniandikia, "Part two iko wapi? Nilingoja, muda wa kukata rufaa umepita." Sikuwa na jibu la maana. Niliomba msamaha tu.

Siku hizi nafungua takwimu Jumatatu asubuhi, na kabla sijafungua naandika swali moja kwenye karatasi. Nikipata jibu nafunga, hata kama ile grafu inaniita. Swali la wiki hii: wanaosoma sehemu ya pili, ambayo hatimaye niliiandika, wanaipata kabla ya muda wa rufaa kuisha au baada?