Chanjo ya protini husafishwaje sumu ya bakteria?

Mbeya, kupitia kituo cha utafiti cha NIMR, ilikuwa moja ya sehemu nne za jaribio la chanjo za VVU la PrEPVacc lililoanza Desemba 2020. Nyingine ni Dar es Salaam, Masaka na Durban. Uchanjaji ulisitishwa Novemba 2023 baada ya kuonekana kuwa chanjo hizo hazielekei kuzuia maambukizi. Baadhi ya dozi zilikuwa na protini, na protini ya sindano ina adui wake: endotoksini.

Hii ni sumu iliyo kwenye ukuta wa nje wa bakteria kama E. coli. Tumboni mwako imejaa tele na haikusumbui. Ikiingia kwenye damu ndo shida: homa, kutetemeka, presha kushuka, hata kifo. Kwa dawa za sindano, kiwango cha juu kinachokubalika kwa kawaida ni yuniti 5 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Mtu wa kilo 60, yuniti 300.

Kwa nini wasichemshe tu? Kuchemsha kunaua bakteria, sumu inabaki. Chupa tupu za kioo huokwa nyuzi 250 kwa dakika 30, lakini protini ingeganda kama yai. Chujio linalozuia bakteria nalo haliisaidii sana, sumu inapenya.

Hapo ndipo polima inapoingia. Endotoksini ina chaji hasi. Shanga ndogo za selulosi zinabandikwa polilaisini, polima yenye chaji chanya, kisha zinajazwa kwenye mrija. Protini ikimiminwa juu, sumu inanasa, protini inapita.

Kwa maelezo ni rahisi, kwa vitendo ni kazi. Protini zenye asidi nazo zina chaji hasi, hivyo zinanasa pia, na dawa ya gharama inapotea. Mafundi hucheza na chumvi na pH mpaka zitengane. Kinasio kingine, polimiksini B, kinashika sumu vizuri, ila kikivuja kinaweza kudhuru figo.

Upimaji wa mwisho kwa miaka mingi umetegemea damu ya buluu ya Limulus, mnyama wa baharini aliye ndugu wa buibui. Damu hiyo inaganda ikikutana na endotoksini.

Na cha kushangaza: protini mojawapo ya PrEPVacc, CN54gp140, ilichanganywa na MPLA ili kuamsha kinga. Kumbe MPLA yenyewe ni mfano wa kipande cha endotoksini, kilichopunguzwa makali.