Habu Iliyokubali Kufunguliwa

Mbio zilizozaa baiskeli ya milimani zilipata jina lake kwa sababu ya grisi. Sitanii. Tarehe 21 Oktoba 1976, nje kidogo ya mji wa Fairfax, katika kaunti ya Marin, California, kundi la vijana lilishindana kuteremka barabara ya vumbi ya Cascade Canyon: zaidi ya kilomita 3, mteremko wa karibu mita 400. Mwandalizi alikuwa Charlie Kelly. Walitumia baiskeli nzito za zamani, nyingi zikiwa Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, zenye breki moja tu, ile ya kukanyaga pedali kurudi nyuma.

Breki ya namna hiyo imo ndani ya habu ya gurudumu la nyuma. Ukiishikilia dakika kadhaa kwenye mteremko mkali, habu inapata moto mpaka grisi inaungua na kutoa moshi. Ukifika chini, kazi yako ya kwanza ni kuifungua na kuijaza grisi upya. Kwa Kiingereza huko kujaza upya ndiko "repack", na mbio zikaitwa Repack mpaka leo.

Historia nyingi za baiskeli ya milimani zinasimulia fremu, giya na mashujaa: Joe Breeze na fremu yake ya 1977, Gary Fisher na rekodi yake ya dakika 4 na sekunde 22 pale pale Repack. Mimi nimechagua kufuata kile kitovu kidogo katikati ya gurudumu, kwa sababu kina swali ambalo fremu haina. Iweje habu nyepesi zilizotengenezwa miaka ya 1980 na 1990 baadhi zinazunguka hadi leo kama zimetoka dukani jana, na nyingine za umri ule ule zilishakuwa chuma chakavu siku nyingi?

Jibu la haraka ni kwamba kitu chepesi hakidumu. Lina ukweli kidogo. Ili kupunguza gramu, watengenezaji waliacha ganda la chuma cha pua wakachukua alumini. Chuma cha pua, mzigo ukiwa chini ya kiwango fulani, kinaweza kuubeba mara zisizo na idadi bila kuchoka. Alumini haina kiwango hicho. Kila mzunguko, kila jiwe, kila shimo, yote yanaandikwa kwenye daftari lake, na siku moja deni linadaiwa. Ndiyo maana habu nyepesi huanza kupasuka kwenye ule ukingo wenye matundu ya spoki, hasa pale spoki zinapotoka moja kwa moja kwenda kwenye ringi bila kupishana, kwa sababu zinauvuta ukingo kuelekea nje.

Lakini uzito hauelezi kila kitu. Chukua ekseli. Kwenye habu ya kizamani, friwili ilifungwa kwa nje, na gololi za upande wa kulia zikabaki ndani, mbali na fremu. Kadiri meno yalivyoongezeka, matano, sita, saba, ndivyo kipande cha ekseli kisicho na mhimili kilivyorefuka. Ukirukaruka kwenye mawe, inapinda au inakatika. Phoenix yetu inayobeba magunia ya mkaa haina shida hiyo. Ina jino moja tu nyuma, kwa hiyo kipande hicho ni kifupi, na ekseli yenyewe ni nondo nene ya chuma. Mwaka 1978 Shimano walileta mfumo ambao friwili imekuwa sehemu ya habu yenyewe, na gololi za kulia zikasogezwa nje karibu na fremu. Hapo nguvu haikutokana na kuongeza chuma. Gololi zilihamishwa tu mahali pake, na habu nyepesi ikaishinda nzito.

Adui wa pili ni tope. Marekani, Phil Wood alikuwa ameshaanza mwaka 1971 kuuza habu zenye beringi zilizofungwa, maji yasiingie. Wazo zuri, na habu zake zina sifa ya kudumu hadi leo. Ila neno "iliyofungwa" likapendwa mno sokoni, likageuka kuwa ahadi ya kwamba hutahitaji kugusa kitu tena. Mwenye baiskeli anasikia hivyo, anaosha tope kwa mpira wa maji, anaendelea na maisha yake.

Pale Marin kulikuwa na watu waliofikiri tofauti. Charlie Cunningham, aliyekuwa akiunda baiskeli nyepesi za alumini tangu mwisho wa miaka ya 1970, alianzisha Wilderness Trail Bikes mwaka 1982 pamoja na Steve Potts na Mark Slate. Wazo lake liliitwa Grease Guard: tundu dogo kwenye habu, unaingiza bomba la grisi, unasukuma, na grisi mpya inaifukuza ile chafu itoke nje pamoja na mchanga wake. Suntour ya Japani iliuchukua mfumo huo ikauingiza kwenye vifaa vyake. Unaona mtiririko? Katika wilaya ile ile ambako watu walilazimika kufungua habu kila baada ya mteremko mmoja, mtu alikubali kwamba habu itahudumiwa tu, akarahisisha huduma yenyewe.

Miaka ya 1990 ikaja na rangi. Karakana ndogo zenye mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta zilichonga habu za zambarau, buluu na nyekundu, kila moja nyepesi kuliko ya jirani. Ringlé ilikuwa jina kubwa enzi hizo. Baadaye jina hilo likaunganishwa na la Sun. Karakana nyingi hazikuuona mwisho wa muongo, na habu zao zikabaki yatima, yaani nzima kabisa lakini hazina vipuri.

Chris King, ambaye naye alianza mwaka 1976, ndiye mfano wa upande mwingine. Habu yake ina meno 72 ndani na mlio kama wa nyuki aliyekasirika. Beringi anatengeneza mwenyewe, na kizibo chake kinatoka: unasafisha, unatia grisi, unarudisha. Kwa kazi kamili unahitaji kifaa maalumu, tena cha bei mbaya. Lakini mlango upo.

Mtaani kwetu kuna fundi mmoja mwenye umri wa baba yangu, baiskeli kuukuu kutoka Japani na Ulaya zinapita mikononi mwake kila wiki. Nilimuuliza anapenda habu ya aina gani, ya gololi na koni au ya beringi za kupachika. Akacheka.

"Mdogo wangu, koni ikiliwa unabadilisha koni. Bakuli la ndani likiliwa, habu imekufa, maana hilo limeshindiliwa humo humo."

"Na hizi za beringi, mzee?"

"Nisomee namba. Ikiwa namba ya kawaida, hiyo haifi."

Ana hoja. Beringi namba 6001, kwa mfano, ina tundu la milimita 12 na kipenyo cha nje cha milimita 28, popote ilipotengenezwa. Unaipata hata kwenye duka lisilouza baiskeli kabisa. Habu ya bei ghali yenye beringi ya ukubwa wa peke yake inategemea uhai wa kampuni moja. Ile ya kawaida inategemea dunia nzima ya mota na pikipiki.

Halafu kuna kifo ambacho hakina uhusiano na kuchakaa. Habu za nyuma za zama zile zilikuwa na upana wa milimita 135. Fremu zikahamia 142 na ekseli nene ya milimita 12, kisha 148. Habu inazunguka vizuri, fremu mpya haiitaki. Hapo alumini haikuchoka, ni soko lililochoka nayo.

Kwa hiyo mimi sikubali kwamba kudumu ni sifa ya kitu peke yake. Habu nyepesi zilizovuka miaka thelathini zilipata vitu vitatu: beringi zilizokaa mahali sahihi, njia ya kufunguliwa, na mtu aliyezifungua. Cha tatu hakiuzwi dukani. Nasema haya kwa sababu leo tunauziwa kila kitu, simu, redio, hata feni, kwa sifa ya kwamba hakifunguki, na tunaambiwa huo ndio ubora.

Ukienda kununua baiskeli ya mtumba wikiendi hii, acha kwanza rangi na jina. Inua gurudumu, lizungushe, weka vidole kwenye fremu usikilize kama kuna mkwaruzo. Litikise kushoto na kulia. Kisha muulize muuzaji kama hiyo habu inafunguka, na kwa spana namba ngapi.